Ndama wa Majani Makavu

Kwetu Kilolo mtoto wa ng'ombe ni ndama, wa mbuzi ni kibuzi, wa kuku ni kifaranga, habari imekwisha. Nilikulia milimani, kwenye baridi na mahindi, na ng'ombe tuliokuwa nao walikuwa wachache hata hakuna aliyekaa chini kuwatafutia maneno. Nilipoolewa Usangu, nje kidogo ya Chimala, nikakuta watu ambao ndama kwao hakuwa ndama tu. Kila hatua ya umri ilikuwa na neno lake, na ole wako ulikosee mbele ya mama mkwe.

Familia ya mume wangu ilikuwa imeteremka kutoka Usukumani miaka michache nyuma, na mifugo yao na vyungu vyao, ikitafuta malisho. Mume wangu nilikutana naye Iringa, alikokuja na ng'ombe wa mnada. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi kwetu nilikuwa nimelelewa na watu wa kelele, nikadhani ukimya ni upole. Baba akapokea ng'ombe, mama akalia jikoni, mimi nikapanda basi nikiwa na sanduku la bati mapajani. Basi lilipoanza kuteremka na joto la bondeni kuingia madirishani, nilijua nimefanya jambo kubwa kuliko nilivyofikiri.

Mama mkwe tulimwita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Alikuwa mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Kisukuma mimi sikukijua, Kihehe yeye hakutaka hata kukisikia, basi tukakutana kwenye Kiswahili, kila mmoja na chake kibovu. Maneno ya mifugo ya nyumbani kwao aliyageuza Kiswahili makusudi, nisije nikapata kisingizio.

Ndama aliyezaliwa leo aliitwa mgeni. Kitovu kikikauka na kudondoka akawa wa kamba, kwa sababu alifungwa kamba ndani ya nyumba mama yake akiwa malishoni. Akianza kung'atang'ata nyasi, wa majani. Akiweza kutoka asubuhi na wenzake na kurudi jioni kwa miguu yake mwenyewe, wa kundi. Kuanzia hapo jike alikuwa mtamba mpaka azae. Mbuzi nao walikuwa na yao. Siku moja nilimwita mbarika "kibuzi kikubwa", mayu akaacha kupepeta, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Hiyo haijazaa bado. Ni mbarika," akasema. "Baba yako amekula ng'ombe zetu, hata hii hakukufundisha?"

Nilimeza. Mke mgeni anameza mengi.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni namna maneno hayo yalivyobadilishwa. Huwezi kuamka tu ukasema ndama fulani sasa ni wa majani. Lazima mtu asimame kwenye kichwa cha ng'ombe mzazi, amshike pembe, amwambie kwa sauti: mwanao sasa ni wa majani. Ndama ambaye mama yake hakuambiwa, hata akila nyasi za bonde zima, alibaki wa kamba. Mayu ndiye aliyefanya kazi hiyo, na aliifanya kwa heshima, kitenge kimefungwa vizuri kifuani. Mimi nilicheka moyoni. Sisi Wahehe tuna mambo yetu, lakini kumpa ng'ombe taarifa za mwanawe hakukuwemo.

Nilizaa mtoto wa kike mwaka wa ukame, miaka ya sabini ikiwa katikati. Mayu ndiye aliyempokea. Akamfuta, akamtazama, akamlaza kifuani pangu, akasema, "Mgeni amefika."

Nilidhani ni maneno ya kubembeleza tu. Kumbe hata watoto wa nyumba ile walianza na neno lile lile. Mtoto akiwa mgeni hapewi jina, hasafirishwi, na baba yake hambebi. Nilitaka kumpeleka Kilolo kwa mama. Kwetu mzaliwa wa kwanza bibi yake ndiye anayemwogesha, na mimi nilikuwa tayari nimenyimwa hilo kwa sababu ya umbali. Nikamuuliza mayu ugeni utaisha lini.

"Akinenepa," alijibu.

Mtoto hakunenepa. Ziwa langu la kushoto lilivimba, likaota jipu, nikashikwa na homa hata nikawa simwoni vizuri mtoto mwenyewe. Mume wangu akanipeleka Mbeya, hospitali, na mtoto juu; mayu alisema ugonjwa hauhesabiwi safari. Wakalipasua. Maumivu yaliisha, na maziwa yakaisha nayo. Ziwa la kulia lilibaki na vitone vya kumchokoza mtoto tu. Muuguzi akasema tutafute maziwa ya kopo. Mume wangu alizunguka maduka yote ya Wahindi pale mjini, mimi nikimfuata nyuma na mtoto mgongoni, na kila duka rafu zilikuwa na viberiti na sabuni za mche, na nyingine hazikuwa na kitu. Mwishowe mzee mmoja mwenye duka alituangalia, akaingia nyuma ya pazia, akatoka na kopo moja.

"Hili nilimwekea mjukuu wangu," akasema. "Chukueni. Lingine sijui kama litakuja."

Halikuja. Kopo lilipokaribia kuisha nilikuwa nakwangua kwa kijiko mpaka bati linalia.

Ng'ombe wengi wakati huo walikuwa wamepelekwa mbali, kwenye majimaji ya Ihefu, kwa sababu nyasi za nyumbani zilikuwa zimebaki mizizi. Hapa walibaki mbuzi na ng'ombe wachache, na kati yao mwenye maziwa alikuwa mmoja: jike jekundu lenye baka jeupe kwenye paji, lililokuwa limezaa karibuni. Maziwa yake niliyachemsha, nikayapunguza makali kwa maji, nikamnywesha mtoto kwa kijiko. Akaanza kutulia. Mashavu yakaanza kuonekana. Nilimpenda ng'ombe yule kama ndugu, nasema kweli. Nilimchagulia hata pumba.

Kisha ndama wake akashikwa na ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Asubuhi alikuwa amesimama, kichwa chini, tezi zimevimba chini ya masikio. Baada ya siku chache alikuwa amelala ubavu, macho wazi. Alikuwa jike, tena alikuwa wa kamba bado.

Ng'ombe wa kienyeji si kama hawa wa kisasa unaowakamua wakitazama ukuta. Bila ndama wake mbele yake haachii maziwa. Mume wangu alichuchumaa na kibuyu chake, akakamua, akabembeleza, akaimba. Hakutoka hata tone. Chuchu zimejaa zinang'aa, na ng'ombe amebana. Anatazama mlango wa nyumba ambako ndama alikuwa akifungwa, analia kwa sauti ya chini, ile isiyofika mbali. Nikampa mtoto uji mwembamba. Ukamharisha. Kufika siku ya pili ngozi ya tumbo lake ukiivuta ilibaki imesimama.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilikaa kizingitini na mtoto mapajani, ndani ya nyumba mtoto asiye na maziwa, nje maziwa yasiyo na mtoto, na hakuna wa kuyakutanisha.

Mayu ndiye aliyeyakutanisha. Alimwambia mume wangu amchune yule ndama ngozi nzima, na kichwa chake na kwato zake. Akaisugua kwa chumvi na majivu. Akaijaza majani makavu, akashona tumbo kwa sindano ya magunia, akaingiza vijiti miguuni. Kazi hiyo ilichukua mchana mzima. Alipomaliza, kilichosimama uani kilikuwa ndama na hakikuwa ndama. Matundu ya macho alikuwa ameyafumba kwa nyuzi.

"Chukua," akaniambia.

"Mimi?"

"Anayekunywa ndiye anapeleka. Mtoto wako hawezi kubeba. Hawezi kusema. Utabeba wewe, na utasema wewe."

Nikakibeba. Kilikuwa chepesi, na wepesi huo ndio ulionitia baridi. Nikakisimamisha mbele ya ng'ombe. Alinusa mara moja, akapuliza pumzi, akanusa tena. Kisha akaanza kulamba. Alilamba shingo, mgongo, masikio, na akatoa ule mguno wa ndani ya kifua ambao ng'ombe huutoa kwa mwanawe tu. Mume wangu akaanza kukamua, na nikasikia maziwa yakigonga kibuyu.

"Sema," mayu akaninong'oneza.

"Niseme nini?"

"Mwambie mwanawe mzima."

Nikamshika pembe. Nikasema, "Mwanao mzima. Ni wa kamba bado."

Sikio lake moja liligeuka upande wangu. Jioni ile mtoto wangu alikunywa, akalala bila kulia, na mimi nilitoka nje nikatapika.

Kitu kile hatukuweza kukiacha nje, mbwa na fisi wangekifaidi. Kiliwekwa darini, juu ya meko, moshi ukikaushe kisioze. Chini yake ndipo nilipolala na mtoto. Mchana, mayu akiwa kisimani na mume wangu malishoni, tulibaki watatu: mimi, mtoto, na yule wa juu. Vumbi la majani makavu lilikuwa likidondoka kidogo kidogo kwenye blanketi la mtoto, nami nilikung'uta, likadondoka tena. Nilijaribu kumhamishia upande wa pili wa chumba, akalia mpaka nikamrudisha. Alizoea kutazama juu. Siku moja nikiwa nachambua mchele nikasikia sauti ngeni, nikageuka. Mtoto wangu alikuwa anacheka. Mara ya kwanza maishani mwake. Alikuwa anacheka na ile ngozi.

Sikumwambia mtu. Nilimnyakua, nikaenda naye uani juani, nikakaa pale mpaka mayu aliporudi na ndoo yake.

Na mayu hakuridhika na kubeba tu. Baada ya muda akaniambia neno limekaa mno, ng'ombe atashangaa mwana gani haongezeki. Nikamwambia, "Mayu, yule amekufa."

"Nani amekwambia amekufa? Umemwambia yeye hivyo?" Alimaanisha ng'ombe.

"Hapana."

"Basi nyamaza. Ng'ombe iko na akili. Mwana hakui, mama anakausha. Leo sema ni wa majani."

Nikasema ni wa majani. Mayu mwenyewe aliweka majani mabichi aliyoyatafuta kando ya mfereji, akayachomeka kwenye mdomo wa ngozi, yakaning'inia. Ng'ombe akayanusa, akayaacha. Hakuyala, ingawa nchi nzima haikuwa na jani bichi. Mimi niliona hilo nikarudi nyuma hatua moja, kwa sababu ng'ombe mwenye njaa hamwachii majani mwingine ila mwanawe. Au hufanya hivyo akijua majani ni ya msibani, sijui. Nilimuuliza mume wangu kama anadhani ng'ombe anaamini. Akasema, "Maziwa yanatoka." Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu.

Na kweli yalitoka. Mtoto alianza kujaa mikono. Nilimchukia mayu kwa kunitumia kusema uongo, na wakati huo huo ningesema uongo mara mia kwa siku ili kibuyu kijae. Nikajikuta nauongeza mwenyewe bila kutumwa. Mwanao leo amecheza. Mwanao jana alikimbia uani. Nilikuwa namsimulia mambo ya mwanangu, maana mwingine wa kumsimulia sikuwa naye. Mama yangu alikuwa Kilolo, na huku mtoto alikuwa bado mgeni asiye hata na jina.

Likafika neno la wa kundi, na hapo ndipo tulipokaribia kuharibikiwa. Nilipomwambia ng'ombe kwamba mwanawe sasa ni wa kundi, kesho yake akagoma kutoka. Wenzake walitangulia, mbuzi wakatangulia, yeye akasimama mbele ya mlango wetu akitazama ndani. Alipigwa fimbo, akazunguka nyumba, akarudi pale pale. Siku ile alikula vumbi tu, na jioni kibuyu hakikufika hata nusu. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na mtoto akaanza tena kile kilio chembamba nilichokuwa nimekisahau.

"Anamngoja," mayu akasema. Nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa hana hakika. "Tumesema wa kundi. Wa kundi anatoka na kundi. Sasa yuko wapi?"

"Turudishe neno," nikasema. "Nimwambie nilikosea."

"Neno halirudi nyuma."

Mume wangu alikuwa amekaa pembeni akichonga mpini. Akauweka chini. Akaingia ndani, akapanda akaishusha ile ngozi, akaizungusha shingoni, miguu ya mbele akaishika kwa mkono mmoja na ya nyuma kwa mwingine, kama wachungaji wanavyombeba ndama aliyechoka. Akatoka. Ng'ombe akamfuata, pua kwenye ngozi.

Alifanya hivyo kila siku mpaka mvua zikanyesha. Mtu mzima, mume wa mtu, kutwa nzima kwenye jua la Usangu amebeba ngozi ya ndama iliyojaa majani. Alipokaribia barabara kuu wenye malori walimpigia honi. Wasangu waliokuwa wakitengeneza mifereji ya mpunga walimwita kwa sauti, "Wewe Msukuma, hiyo maiti unaipeleka wapi?" Alipita tu. Akirudi jioni shingo ilikuwa imechubuka na majani yamemwingia kwenye nywele. Mtoto wake mwenyewe, yeye alikuwa hajawahi kumbeba hata siku moja, kwa sababu mila haikuruhusu, na mimi kwa siri nilikuwa nimeshamhesabu kuwa baba asiye na moyo. Siku ile ya kwanza nilisimama mlangoni nikamtazama akiondoka, vijiti vya miguu vikimgonga kifuani, nikalia. Nilimpenda tangu siku ile. Kabla ya hapo nilikuwa nimeolewa tu.

Lakini jambo lenyewe lilinitisha pia, siwezi kuficha. Kuna wakati wa mchana bondeni joto huifanya ardhi icheze, na kitu cha mbali huwezi kujua kina miguu mingapi. Nilikuwa uani, nikaona kundi linarudi mapema, vumbi limetanda. Mbele ya kundi alikuja ng'ombe mwekundu, na ubavuni mwake, nikaona waziwazi, ndama anatembea. Kichwa chake kinapanda na kushuka. Sikushangaa hata kidogo, hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo. Niligeuka nikaingia ndani kuandaa pa kumfunga. Waliponikuta nilikuwa nimesimama mlangoni na kamba mkononi, nimeshaipiga kitanzi. Mume wangu alinitazama, akaichukua ile kamba taratibu, akaitundika mahali pake.

Mvua zilipokuja zilikuja kwa fujo. Bonde likageuka kijani, ng'ombe wa Ihefu wakarudi, baadhi wakiwa na wageni wao ubavuni, na maziwa yakawa mengi hata tukagandisha. Mwanangu akaota meno, akakaa mwenyewe bila kuegemezwa, akawa mzito mgongoni. Jioni moja mayu alimchukua, akampimapima mikononi, akasema ugeni umekwisha, akampa jina la mama aliyemzaa yeye mayu. Mume wangu akanyoosha mikono akapewa mwanawe. Alimshika vibaya, kama mtu aliyepewa kibuyu kilichojaa mpaka mdomoni, na mtoto akamvuta ndevu.

Ikabaki ile ngozi. Ilikuwa imekwisha. Manyoya yote ya mgongoni yalikuwa yameliwa na ulimi wa ng'ombe, panya walikuwa wamekula sikio moja, na unyevu wa mvua ulikuwa umeanza kuitia harufu ambayo moshi haukuiweza. Hatukuihitaji tena. Nilimwambia mayu tuichome.

"Huwezi kumwondoa mtu bila kumwambia mama yake," akasema. Akafikiri. "Yule alikuwa jike. Sasa ni mtamba. Mtamba anaondoka, si ndiyo? Nenda umwambie ameolewa."

Nikaenda. Mtoto nilikuwa naye mgongoni. Nikamshika pembe yule ng'ombe, nikamwambia, "Mwanao ni mtamba sasa. Ameolewa."

Akaacha kucheua. Akanitazama kwa yale macho yao makubwa yasiyopepesa. Ningeishia hapo. Nilichotumwa kilikuwa kimekwisha. Lakini mdomo uliendelea wenyewe.

"Wamemchukua kule," nikasema, na mkono wangu ukanyooka kuelekea barabara inakokwenda Iringa. "Ni mbali kidogo, lakini ni mzima. Wanamtunza vizuri. Anakusalimia."

 Nilisikia kwamba habari nilizozitoa zilikuwa zangu. Ndivyo mama alivyokuwa akiambiwa kuhusu mimi na kila msafiri niliyemtuma: ni mzima, wanamtunza, anakusalimia. Nililia nimeegemea shingo ya ng'ombe, mtoto naye akaanza, na mayu alikuwa akitusikiliza kutoka zizini.

Mume wangu alikwenda kuizika ngozi mbali na nyumba. Kesho yake ng'ombe alitoka na kundi kama kawaida, ametulia, hata nikapumua. Jioni kundi lilirudi bila yeye.

Wanaume walifuata nyayo za kwato zake. Zilikatiza mashamba ya mpunga, zikavuka mfereji, zikapanda kwenye barabara kuu, na kwenye lami zikapotea. Dereva wa lori la Zambia aliyesimama Chimala kula alisema alipishana na ng'ombe mwekundu huko alikotoka, ukingoni mwa barabara, peke yake, akienda upande wa Iringa bila kula wala kugeuka. Mume wangu alimfuata siku kadhaa akiuliza kila kijiji. Wengine walimwona, wengine hawakumwona, kisha hakuna aliyemwona. Labda simba, labda wezi, labda yuko kwenye zizi la mtu. Alirudi na viatu vimekwisha.

Nilijua lawama itakuja kwangu, na nilijiandaa kuipokea. Mayu alikuwa amekaa chini uani, miguu imenyooka, mikono mapajani. Sikuwahi kumwona akikaa bila kazi.

"Ulimwonyesha wapi?" akaniuliza.

"Kwetu," nikasema.

Alikunja miguu, akainuka. Kisha akamwita mwanawe.

"Mtafutie mke wako nauli," akamwambia. "Apeleke mtoto kwa mama yake. Aende ajionee, na yeye wamwone."

Tulipanda basi Chimala. Njia nzima nilikaa dirishani, na mpaka tunaingia Iringa nilikuwa natazama kando ya barabara, kila penye kitu chekundu moyo unaruka: tofali, kanga, kichuguu. Kutoka Iringa tukapata lori la mbao mpaka Kilolo. Ukungu ulikuwa umeshuka. Mtoto hakuwahi kuona ukungu, akawa anaushika kwa mkono na kuufungua tena kuangalia.

Mama alikuwa jikoni, kwenye kigoda chake. Nikamsalimia kwa Kihehe, kamwene, kutoka mlangoni. Hakuinuka. Alinitazama kwa muda mpaka nikadhani macho yamemharibika, kisha akanyoosha mikono, nikampa mtoto. Akamvua kofia, akamvua sweta, akamkagua vidole vya mikono na vya miguu, tumbo, mgongo, akamvika tena. Ndipo akanishika mkono akaniketisha, na hakuuachia.

"Umekonda," akasema.

"Nilituma salamu, mama. Kila aliyekuja huku nilimtuma."

"Walifika." Akachochea moto kwa mkono uliobaki. "Mmoja alisema umefika salama na mume ana ng'ombe wengi. Mwingine akasema una mimba, huna tabu yoyote. Wa mwisho akasema umejifungua, mtoto ananyonya vizuri, mnanenepa wote."

"Basi hukuwa na wasiwasi."

Mama alimfuta mtoto pua kwa pembe ya kitenge chake.

"Sikumwamini hata mmoja," akasema. "Chai niliwapa, wakanywa."